Mkurugenzi wa Sabuni na Jina la Mama

Mashine ilimuuliza Mama Feliksi jina la mama yake, naye akacheka. Maswali mawili ya mwanzo yalikuwa yamemtoa jasho, la tarehe ya kuzaliwa na la shule aliyosoma, na sasa kumbe anaulizwa kitu ambacho hata mtoto wa chekechea hujibu bila kutoa kidole mdomoni.

"Hilo nalo ni swali?" alimwambia Gervasi, mwenye steshenari. "Andika Nyabenda."

Gervasi akaandika Nyabenda. Kiduara kikazunguka kwenye kioo cha kompyuta, kikazunguka weee, kisha yakatoka maandishi mekundu: jibu si sahihi.

"Si sahihi vipi?" aliuliza Mama Feliksi. "Nyabenda ndiye aliyenizaa. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Yasmini, mwenzake katika biashara, alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Yeye alikuwa ameshavuka. Maswali yake yalitoka, akayajibu, likaja neno la kijani, akashushiwa mzigo. Alikuwa amekaa tu kumsubiri mwenzake wamalize waende wakanywe chai.

"Labda waliandika la ubatizo," alisema Yasmini. "Nyinyi Wakristo majina yenu kama nguo, ya kanisani mbali na ya nyumbani mbali."

"Haya, jaribu Katarina."

Katarina nayo ikatoka nyekundu. Hapo Gervasi aliondoa mikono yake kwenye vibonye, akaiweka mapajani. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na watu wa Kigoma mjini walimwamini kwa sababu hakuwa na haraka.

"Mama, tusimame hapo kwanza. Umebakiwa na mara moja. Ukikosea tena mfumo unakufungia, na kufunguliwa ni safari nyingine. Nenda nyumbani ukakumbuke vizuri uliandika nini siku ile ya kuandikishwa kitambulisho."

"Nikumbuke jina la mama yangu?"

"Mashine haikuulizi ukweli, mama. Inakuuliza ulichoandika."

Wanawake hawa wawili walikuwa wakipika sabuni ya mawese uani kwa Mama Feliksi, Ujiji, kwa miaka mingi. Mama Feliksi ndiye aliyeanza. Alianza na sufuria moja na mwiko, akijichoma mikono kwa kostiki, akigawa mapande kwa majirani ili wamwambie kama yanatoa povu. Yasmini alikuja baadaye na ulimi wake wa biashara, na tangu hapo sabuni ikapanda treni ikaenda Tabora. Sasa mnunuzi wa huko, mtu wa kuuzia shule za bweni, alikuwa amekuja Kigoma mwenyewe, akaiona, akaipenda, akasema atainunua mwaka mzima, ila hawezi kuandikiana mkataba na uani. Alitaka kampuni. Kesho jioni alikuwa anapanda treni kurudi kwao, na alitaka kuondoka na mkataba.

Kampuni ilihitaji wakurugenzi wawili, na kila mkurugenzi lazima athibitishwe kwa namba yake ya kitambulisho cha NIDA kwamba yeye ni yeye. Ukitaka kusema kweli, ni jambo la maana. Zamani mtu aliweza kumfanya marehemu babu yake kuwa mkurugenzi, na madeni yakija watu wakaenda kubisha hodi makaburini. Lakini sheria hizi hutungwa na watu wanaodhani kila mtu alijaza fomu yake mwenyewe, akiwa amekaa, ametulia, na mama mmoja kichwani.

Walipotoka nje Yasmini hakucheka tena. Alimshika mwenzake mkono.

"Mama Feli, nikwambie kitu usikasirike. Shemeji yako Adolf jana kaniambia, ikishindikana, yeye namba yake iko safi. Anaingia kwa muda tu, kampuni inasajiliwa, kisha tunambadilisha."

"Aingie kwenye sabuni yangu?"

"Kwa muda."

"Yasmini, Adolf akiingia mahali kwa muda, hutoka kwa fimbo. Unamjua."

Yasmini alimjua. Adolf alikuwa mdogo wake Oswald, mume wa Mama Feliksi, mtu mcheshi, msafi, mwenye suti moja na mawazo mengi ya kibiashara ambayo yote yalihitaji jasho la mtu mwingine. Yasmini akasema basi, tuone kesho, lakini hakusema kwamba hatakubali. Mama Feliksi akaliona hilo, akaenda nalo ndani ya bajaji mpaka Ujiji.

Hata hivyo Adolf hakuwa ndiye aliyemtisha zaidi. Jina lake kamili mwanamke huyu lilikuwa Carmen Manariyo, na alivuka ziwa akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, kwenye mtumbwi uliojaa watu waliokuwa wakikimbia vita Burundi, wakashukia kijiji cha Mwamgongo. Mwamgongo ndiko alikokulia, ndiko alikosoma, ndiko Oswald alikomwona akichota maji akasahau alichotumwa. Uraia aliupata kwa kiapo, mkono juu, mbele ya watu, na cheti chake kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, chini ya vitenge vya harusi. Raia kabisa. Lakini miaka hii makambi yalikuwa yamejaa tena, mabasi ya wakimbizi yalipita Kigoma mchana kweupe, na kila yalipopita kuna mtu sokoni alimgeukia na kumuuliza, kwa sauti ya utani, eti na wewe ndugu zako hao? Naye alitaniana nao. Akifika nyumbani alifungua sanduku, akaangalia kama cheti bado kipo.

Sasa serikali ilikuwa imemwambia kwa maandishi mekundu kwamba Nyabenda si mama yake. Kama Nyabenda si mama yake, alijiuliza, basi yeye ni nani? Na anayeweza kufuta mama, ni lini atafuta na kiapo? Aliogopa, jamani. Aliogopa kama anavyoogopa mtu ambaye amewahi kukimbizwa akavuka maji.

Oswald alikuwa uani akitia lami kwenye mtumbwi wa mtu. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mkimya, mwenye mikono mikubwa na mwandiko mzuri kupita kiasi. Mama Feliksi alikaa kwenye gogo, akamsimulia yote. Alipofika pale mashine ilipouliza jina la mama, Oswald aliacha kupaka. Alipofika pale mashine ilipokataa, Oswald aliinuka akasema anakwenda kutazama kuku.

"Kuku gani, Baba Feliksi? Kuku wote hawa hapa miguuni."

"Yule mwingine."

"Oswald." Mara chache sana alimwita hivyo. "Ile siku ya kujiandikisha, wewe ndiye ulijaza fomu zetu zote mbili. Mimi nilishika foleni. Uliandika nini?"

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji wa Pwani anaweza kumhukumu Oswald bure. Kwa watu wa kule, Waha na Warundi sawasawa, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka jina lake halitamkwi. Mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina, na mwanamke hamtaji mama wa mumewe. Vijana wa mjini siku hizi hawajali, lakini Oswald na mkewe walilelewa hivyo na waliishi hivyo. Nyabenda alipokuwa hai, Oswald akikutana naye njiani alipanda majanini amwachie njia nzima. Hakuwahi kula mbele yake. Na kwa kuwa Kigoma yote imejaa akina Nyabenda, maana hilo ni jina la mtoto wa pili kufuata mapacha na mapacha hawakosekani huko, mtu huyu alikuwa akipata taabu isiyosemekana. Palikuwa na fundi mwenzake aitwaye Nyabenda, Oswald akamwita Bwana Nyundo miaka ishirini. Mkewe naye hakuwa nyuma. Mama yake Oswald aliitwa Eufrasia, na mtaa wa pili palikuwa na msichana mwenye jina hilohilo, na Mama Feliksi akimtaka alimwita "wewe mwenye jina kubwa".

Oswald alirudi, akakaa chini kabisa, mavumbini, wala si kwenye gogo.

"Nilijaza yangu kwanza," alisema. "Jina la mama, nikaandika la mama yangu. Mtu kuandika jina la mama yake si kosa. Nikaja kwenye yako. Jina lako, tarehe, mahali, yote nikaandika vizuri. Nikafika pale. Kalamu ikagoma."

"Ikagoma."

"Ningeandikaje? Kuandika ni kutamka kwa mkono. Nikakutafuta, wewe uko mbele huko kwenye foleni, unaongea na watu. Nyuma yangu wananisukuma, mzee, maliza, wengine tunataka kalamu. Nikaacha wazi, karani akanirudishia, akasema hapaachwi wazi hapa." Oswald alijifuta uso, akajipaka lami. "Nikasema, mama ni mama. Nikaandika la mama."

"La mama yupi?"

"La mama. Huyu wangu."

Mama Feliksi alimtazama mume wake. Alimtazama mtu ambaye alimzalia watoto watano, ambaye hakuwahi kumpiga wala kumdanganya, na ambaye alikuwa amemfanya, mbele ya Jamhuri ya Muungano, kuwa dada yake.

"Kwa hiyo serikali inajua nimeolewa na kaka yangu," alisema.

"Sikufikiria hivyo."

"Mana yanje, Mungu wangu! Na Feliksi? Feliksi ni mpwa wako au ni mwanao?"

Alitaka kukasirika. Hasira ilikuja kweli, lakini njiani ikakutana na kitu kingine kilichokuwa kinapanda kwa kasi zaidi, nacho kilikuwa nafuu. Hakuna aliyemfuta. Hakuna mtu ofisini aliyekaa akamnyang'anya mama yake. Ilikuwa ni adabu ya Oswald tu, adabu yake iliyopitiliza, ile ya kupanda majanini. Akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, na Oswald, asiyejua acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili kwa pamoja.

Kisha kicheko kikamkatika ghafla.

"Lakini nitasemaje kwa Gervasi? Mimi siwezi kulitaja."

"Nitakwenda mimi nikamwambie. Kwangu ni mama yangu, nalitaja."

Akampigia Gervasi simu papo hapo. Gervasi alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema hapana. "Mzee, kwa heshima. Anayethibitishwa ni mama mwenyewe. Mbele yangu anajibu yeye, kwa mdomo wake, sichukui jibu la mtu mwingine hata angekuwa askofu. Na wewe mzee, usikasirike, wewe ndiye uliyetufikisha hapa."

Usiseme angeweza kuliandika kwenye karatasi akampa Gervasi. Oswald alikuwa ameshasema, kuandika ni kutamka kwa mkono, na katika hilo mke na mume walikuwa kitu kimoja. Ilibaki njia moja. Mwenye jina mwenyewe amfungulie mwiko huo.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo Mama Feliksi hakuwahi kumwambia mtu. Mama mkwe wake hakuwa mbaya. Hakuwahi kumtukana wala kumnyima chakula. Ila siku Oswald alipompeleka nyumbani mara ya kwanza, yeye akiwa amepiga magoti na kichwa ameinamisha, alimsikia yule mama akimuuliza mwanawe kwa Kiha, polepole, "Huyu wa ng'ambo?" Maneno hayo tu. Hayakurudiwa tena. Lakini yalibaki ndani yake kama mwiba uliokatikia kwenye nyama, hauumi mpaka ukanyage pale pale. Miaka yote aliyompikia, aliyomwogesha alipougua, aliyomshonea nguo za Krismasi, alikuwa bado anasubiri kujua kama alishafika au bado yuko ng'ambo. Sasa aende akamwambie kwamba kwenye vitabu vya serikali wewe ndiye uliyenizaa? Akisema, mimi sikukuzaa, atakuwa amesema kweli tupu. Na kampuni itakuwa ya Adolf.

Asubuhi iliyofuata alifika na chupa ya chai. Mama mkwe aliishi nyumba ya pembeni hapohapo uani, mwanamke mdogo wa umbo, mweusi tii, mwenye macho makali. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Mwakeye, Mama. Shikamoo."

"Mwakeye. Marahaba. Mbona uso umevimba?"

Alipiga magoti kama siku ile ya kwanza, ingawa magoti yenyewe hayakuwa yale. Akasimulia. Alisimulia bila kumtetea Oswald na bila kumchongea. Alipomaliza aliinamisha kichwa akasubiri. Mbele yake mikono ya yule mama iliendelea kuchambua, haragwe zuri huku, bovu kule. Wakati huo Adolf alipita uani amevaa suti, amejipaka mafuta, kitambulisho kinaonekana mfukoni kama ua. Akasema shemeji usijali, mimi natangulia mjini, tutasaidiana.

"Huyu anakwenda wapi kavaa hivyo?" aliuliza Eufrasia.

"Kwa Gervasi, Mama. Mimi nikishindwa, yeye ndiye ataandikwa mkurugenzi."

"Wa sabuni?"

"Ego, Mama, wa sabuni."

"Adolf hajui hata kufua soksi." Aliweka ungo pembeni, akajikung'uta. "Nipe kile kitenge changu cha kanisani. Na viatu."

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Wewe unaniuliza? Si wewe uliyekuja na maneno? Nipe viatu."

Basi wakaingia bajaji, mama mkwe, mkwe, na Oswald mbele pembeni ya dereva, hana pa kuweka magoti. Mama Feliksi alikuwa akijaribu kusoma uso wa pembeni yake, lakini uso ule haukuwa umeandikwa kitu. Labda anakwenda kumkana mbele za watu, aliwaza, ili mambo yawe wazi. Kuna watu wa hivyo, hawapendi uongo hata ukiwa umewafaa.

Kwa Gervasi walimkuta Yasmini, na Adolf ameshakalia kiti cha mbele ya kompyuta. Mnunuzi wa Tabora naye alikuwepo, amesimama mlangoni na begi lake, anaangalia saa.

"Toka hapo," Eufrasia alimwambia mwanawe.

Adolf akatoka. Eufrasia akakaa yeye, miguu haigusi sakafu, akaitazama ile kompyuta kama anavyomtazama mgeni ambaye hajajitambulisha.

"Ndiye huyu anayeuliza maswali?"

"Ndiye, bibi," alisema Gervasi.

"Anataka kujua mama wa huyu mtoto?"

"Ndiyo, bibi. Lakini lazima aseme yeye mwenyewe."

"Nimesikia. Sikuja kumsemea." Akageuka kwenye kiti, akamtazama Mama Feliksi, na kwa mara ya kwanza tangu Feliksi azaliwe, hakumwita Mama Feliksi. "Manariyo, sogea."

Manariyo akasogea. Mama mkwe alimshika vidole, vile vidole vilivyounguzwa na kostiki, akavibana kwa nguvu isiyolingana na umri wake.

"Wewe umenificha jina langu miaka yote hii. Umenitunza kwa hilo, nimeona. Nilikuwa nakusikia ukimwita yule mtoto wa mtaa wa pili mwenye jina kubwa, mimi nacheka mwenyewe kitandani. Leo nakufungulia, mbele ya hawa. Nilikupokea, jina langu lichukue. Litaje."

Hata mnunuzi wa Tabora, asiyejua mwanzo wala mwisho wa habari hii, aliacha kuangalia saa. Manariyo alifungua mdomo, na mdomo ukajifunga wenyewe kwa mazoea. Akafungua tena. Alihisi kama anataka kuvuka kizingiti cha nyumba akiwa amevaa viatu.

"Eufrasia," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sisikii," alisema mama mkwe. "Masikio yangu mazee."

"Eufrasia!"

Gervasi akaandika. Kiduara kikaanza kuzunguka. Oswald alikuwa ameinamia meza mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Yasmini alikuwa ameshaanza kunong'ona dua. Mtandao ukasimama kidogo, kama kawaida yake, ili watu wateseke vizuri, kisha likatoka neno la kijani: umethibitishwa. Chini yake, kwa herufi kubwa, Carmen Manariyo, Mkurugenzi.

Yasmini alipiga kigelegele ambacho kilileta watu wa duka la pili. Oswald akakaa kwenye ndoo. Adolf, ambaye hakuwa na roho mbaya ila ya uvivu tu, akampa shemeji yake mkono na kumpongeza, na mama yake akamtuma papo hapo akanunue soda za watu wote, kwa fedha zake, maana amevaa kama mtu aliyenazo. Manariyo mwenyewe alibaki amesimama. Pumzi aliyoishika tangu jana ilikuwa inatoka taratibu, inatoka, haiishi, na ndani yake kulikuwa na wepesi ambao hakuwahi kuujua tangu alipoanza kulifungua lile sanduku kuangalia cheti. Alifurahi, nisiseme mengi. Alifurahi mpaka akaogopa ataanguka mbele ya mnunuzi.

Mnunuzi alitoa karatasi zake kwenye begi, akamuuliza Yasmini nani asaini wapi. Mambo yakawa ya kawaida tena, kalamu, mihuri, nani ana wino.

Gervasi, akiwa anasafisha miwani, alikumbuka kazi yake. "Sasa mama, hili kosa lisikae. Mkataba umeshapona, lakini siku moja litakusumbua, hasa wewe na mzee mkionekana ndugu. Tutatengeneza hati ya kiapo, mtakwenda ofisi ya vitambulisho, wataliondoa jina hili na kuandika la mama yako mzazi. Hata wiki ijayo inawezekana."

"Twende wiki ijayo," alisema Oswald haraka, kwa aibu.

Manariyo alimtazama mama mkwe wake. Eufrasia alikuwa ameshuka kwenye kiti na anafunga kitenge chake vizuri, anakipanga upinde kwa upinde.

"Lazima lisahihishwe," alisema. "Nyabenda alimbeba huyu mgongoni, akavuka naye maji yote yale. Mtoto wa mtu haibiwi. Mimi mwenyewe nitakuja kuapa."

"Asante, Mama," alisema Manariyo.

"Lakini wiki ijayo ya nini?" Alikuwa bado anahangaika na kitenge, hamtazami mtu. "Mimi nimezaa wanaume watupu. Mniachie walau mpaka Pasaka."